Kila Nyumba na Saa Yake: Kumuaga Mzee Rugemalira wa Mashineni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Telesfori Rugemalira anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Kilele Nyumba na Viwanja, hapa Omurushaka, kwa miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo amepangisha nusu ya mji huu, na nusu iliyobaki ameiuza. Hajawahi kumdanganya mteja, ukiondoa uongo mmoja mdogo nitakaoutaja mbele. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wapangaji walioalikwa kwenye sherehe ambao wana maoni tofauti, na wengine wamekuja nayo wakiwa wameyaandaa.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Kemilembe wa mapokezi, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka kumi na miwili na ndiye aliyenifundisha udalali. Mkurugenzi wetu, Bwana Muhwezi, aliniagiza niandike mambo mazuri tu. Nimejitahidi sana. Pale ambapo mazuri yaliniishia, nimeandika yaliyotokea.

Mzee alianza kazi mwaka 1998, wakati ofisi ilikuwa benchi moja nje ya duka la saruji la marehemu baba yake Mkurugenzi. Siku hizo chumba cha kupanga hakikuhitaji dalali. Mtu alishuka kwenye lori, akamuuliza mama wa chai, akaonyeshwa mlango, akalala. Nyuma ya stendi kulikuwa na vibanja vya migomba na mibuni, na makaburi ya wenyewe yalikuwa humohumo kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Nani angethubutu kumuuliza mtu bei ya mahali alipolala babu yake?

Kisha ikaja lami, na lami ikawaleta watu wa kuuliza bei. Walikuja wafanyakazi wa benki, wa miradi na wa kampuni za simu, wote wakitaka nyumba selfu, yenye choo cha ndani, vigae na geti la kusukuma. Vibanja vikakatwa viwanja, viwanja vikajengwa fremu, na leo kila fremu inauza simu kwa jirani ambaye naye ana fremu ya kuuza simu. Mtaa wa Mashineni, ulioitwa hivyo kwa sababu ya mashine ya kusaga iliyo katikati yake, uliandikwa upya kwenye matangazo yetu kuwa Mtaa wa Bustani. Ulipata jina hilo mwaka uleule mgomba wake wa mwisho ulipokatwa. Mkurugenzi alisema jina litapandisha hadhi, na kweli kodi ilipanda. Mashine haikuhama.

Ni katika mtaa huo kipaji cha Mzee Rugemalira kilipochanua. Aligundua jambo ambalo halifundishwi chuoni, kwamba hakuna nyumba mbaya, kuna mteja aliyeletwa saa mbaya. Nyumba iliyogusana ukuta na mashine aliionyesha Jumapili asubuhi, msagaji akiwa misani. Nyumba inayotazamana na baa aliionyesha Jumatatu saa tatu, wakati baa imefagiliwa na ina utulivu wa zahanati. Nyumba ya bondeni, ambayo masika maji huingia hadi chini ya kitanda, ilionyeshwa Julai. Nyumba iliyo kwenye njia ya mnada wa ng'ombe ilionyeshwa siku yoyote isipokuwa ya mnada. Hata mzee mmoja wa pale, ambaye rubisi, ile pombe ya ndizi, ikimkolea huhutubia mtaa mzima kuhusu mipaka ya mashamba, wateja walionyeshwa dirisha lake akiwa amelala, wakaambiwa kwamba ni jirani mpole.

Na mteja akija saa isiyofaa je? Hapo ndipo ulipokaa ule uongo mmoja. Mzee alikuwa akitabasamu, akirekebisha tai yake ya kahawia, na kusema kwa masikitiko kwamba nyumba ile ina mtu. Siku ikitulia, mtu huyo alikuwa amehama. Nilipoanza kazi nilidhani mji huu una wapangaji wasiotulia kuliko miji yote ya Kagera.

Nisiuache mkasa wa mwalimu wa kutoka Singida. Alionyeshwa nyumba hukohuko Mashineni mwezi Septemba, akaona juu ya paa la jirani balbu kubwa kama za uwanja wa mpira na mabati yaliyosimamishwa kwenye mapipa. Akauliza ni vya nini. Mzee akamjibu kwamba jirani yule anapenda mwanga. Kulikuwa na uongo gani hapo? Novemba ilipofika balbu zikawashwa, senene, wale panzi wa kuliwa, wakashuka kama mvua, na mtaa mzima ukahamia kibarazani kwa mwalimu na ndoo na watoto. Usiku wa kwanza alikuja juu. Usiku wa pili aliuliza wanaliwaje. Mwaka huu amefunga balbu zake mwenyewe, na mpangaji wa nyumba ya pili ndiye anayekuja ofisini kwetu kulalamika.

Ni mteja mmoja tu aliyewahi kumshinda. Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumamosi jioni, alishuka kutoka kwenye lori la ndizi mjane aitwaye Nikuze, binti wa familia ya asili ya Rwanda iliyokuwa ikilima vibarua kule Songambele. Alikuwa na watoto wawili na godoro moja. Mzee alimwomba kwa heshima zote arudi kesho baada ya misa, naye akasema hana pa kwenda hadi kesho. Basi ikabidi amwonyeshe chumba cha mbele cha ile nyumba iliyogusana ukuta na mashine, kwa saa yake mbaya kuliko zote. Mashine inanguruma, kwaya inafanya mazoezi na spika mbili, ng'ombe wanatoka mnadani, moshi kila mahali. Mzee anasema aliona aibu kama mtu aliyekutwa bila shati. Nikuze aliweka godoro chini, akasikiliza, akasema:

"Mzee, mahali penye kimya mimi huogopa. Hapa pana watu."

Tangu siku hiyo amekaa chumba kilekile. Kila jioni huweka jiko mlangoni na kuchoma gonja, zile ndizi tamu za kuchoma ambazo wengine huziita mkono wa tembo. Watoto wamekua na kwenda zao kutafuta maisha. Hajawahi kuja ofisini kulalamika, naye ndiye mpangaji pekee katika historia yetu ambaye hatukumchagulia saa.

Sasa soko lina fasheni, na fasheni ya miaka hii inaitwa maisha ya mtaa. Wateja wa leo wamechoka na mageti, wanataka mahali penye uhai. Mkurugenzi, ambaye hakosi fasheni, alikwenda na simu yake akampiga picha Nikuze na jiko lake, na picha ikatangulia kwenye matangazo yetu yote. Moshi uliokuwa ukifichwa kwa wateja ukaandikwa kuwa harufu ya asili. Nikuze hakulipwa kitu, ila aliambiwa ametoka vizuri.

Picha ilifanya kazi. Meneja mmoja wa kampuni ya kununua kahawa alipiga simu kutoka Moshi akitaka nyumba ile, yote, kwa mkataba wa miaka mitatu, kwa ajili ya wafanyakazi wake wanaopenda maisha ya mtaa. Mwenye nyumba, anayekaa Mwanza, alikubali kabla sentensi haijaisha. Sasa, ili watu wa maisha ya mtaa wapate kuingia, maisha ya mtaa yalitakiwa kutoka. Nikuze akapewa hadi mwisho wa Novemba awe amehama.

Kazi zote mbili, ya kumpa Nikuze taarifa na ya kumwonyesha meneja nyumba, alipewa Mzee Rugemalira ziwe za mwisho kabla ya kustaafu. Lazima niseme kilichowekwa juu ya meza. Mzee ana kibanja chake Kamuli, na ndani yake nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa dalali, maana yake imefika kwenye lenta na haina paa. Mkurugenzi aliahidi mbele yetu sote kwamba dili hili likifungwa, zawadi ya kuagwa itakuwa mabati ya nyumba nzima. Mzee alishukuru kwa mikono miwili, na siku nzima hakuacha kutuuliza kama bati la kijani huwahi kupauka.

Alikwenda kwa Nikuze jioni. Alituambia baadaye kwamba mama yule hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu kama huko kwingine atakakoonyeshwa kuna watu, kisha akampa gonja na kukataa hela, kama anavyofanya siku zote. Mzee alirudi ofisini na gonja ile mkononi haijaumwa, imepoa, akaiweka juu ya meza, akakaa anaitazama.

Meneja alikuwa apelekwe Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo Nikuze huwa sokoni, mashine hufungwa kwa matengenezo na kwaya iko makazini. Kesho yake nilimsikia Mzee akimpigia simu na kumwomba aje Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nilidhani ni uzee. Jumamosi ilipofika nilifuatana naye kubeba funguo, na moyoni nilikuwa nikimtafutia maneno ya kumtetea kwa Mkurugenzi.

Jamani, Mashineni ilijitokeza yote. Mashine ilikuwa na foleni ya magunia hadi barabarani. Kwaya ilikuwa imefika kwenye wimbo wenye vigelegele. Balbu za mwalimu ziliwashwa, na senene wawili wakatua kwenye kola ya meneja. Ng'ombe mmoja wa mnada alisimama mlangoni na kukataa kuondoka hadi mwenyewe alipofika. Mzee wa rubisi alikuwa ameshafika kwenye mpaka wa pili wa shamba. Na Mzee Rugemalira, tai imenyooka, alikuwa akimwonyesha mgeni wake kimoja baada ya kingine kama mhifadhi wa makumbusho. Alisema mashine huanza alfajiri. Alisema bondeni maji hupanda. Kila alichoulizwa alijibu, na kila jibu lilikuwa kweli tupu. Niliogopa kidogo.

Mwishowe meneja alilazimika kupaza sauti. "Mzee wangu, hivi hakuna saa mtaa huu unanyamaza?"

"Ipo," Mzee akasema. "Jumanne saa nne asubuhi. Ndiyo saa tunayoleta wateja."

Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Alinunua gonja mbili kwa Nikuze, akala amesimama, akasema hajawahi kula tamu kama zile, akaondoka. Wafanyakazi wake amewapangia Kayanga, mahali pa kimya, na Jumamosi mbili sasa ametuma bodaboda kuja kuchukua gonja.

Jumatatu Mzee aliitwa ofisi ya ndani, mlango ukabaki wazi. Sauti ya Mkurugenzi ilisikika hadi duka la saruji, ikitaja miaka ishirini na saba, ikitaja mabati, ikiuliza ni shetani gani aliyempeleka mteja mkubwa Mashineni Jumamosi jioni. Mzee alingoja amalize. Kisha akarekebisha tai, na kwa masikitiko yaleyale tuliyoyazoea akasema:

"Mkurugenzi, ile nyumba ina mtu."

Nimesikia maneno hayo mara nyingi sana katika maisha yangu ya kazi. Siku ile niligeukia dirishani ili nisionekane ninavyofuta macho.

Ndiyo maana zawadi ya leo si mabati. Ofisi, kwa kuzingatia hali ya soko, imemnunulia Mzee Rugemalira saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina fremu ya rangi ya dhahabu, na Mkurugenzi ataikabidhi mwenyewe baada ya wimbo. Mzee ataitundika Kamuli kwenye ukuta ambao mvua inaufikia bila kubisha hodi. Wapangaji wa Mashineni, walewale waliokuja na maoni yao, wamesikia habari hii na wanachangishana bati mojamoja. Mwalimu wa Singida ndiye mweka hazina, na wa kwanza kuchanga alikuwa Nikuze. Nawaomba wageni wengine wasiondoke kabla mweka hazina hajawapitia.

Mwenye nyumba, huko Mwanza, amesema Nikuze aendelee kukaa hadi tutakapopata mteja mwingine. Kiti cha Mzee nimepewa mimi kuanzia Jumatatu, na agizo la kwanza nililopewa ni kumtafuta mteja huyo. Nimelipokea agizo kwa heshima. Mkurugenzi, unaposoma haya pamoja na wageni wetu, napenda ujue kwamba nimeshapanga ratiba yangu ya kuonyesha nyumba ile, na nina nafasi Jumamosi jioni tu.

Mzee Rugemalira, shikamoo, na asante. Umetufundisha kazi vibaya miaka ishirini na saba na vizuri jioni moja. Tunakutakia maisha mema huko Kamuli, mchana na usiku, masika na kiangazi, mnadani na misani. Tutakuja kukutembelea, na saa ya kuja tutaichagua sisi wenyewe bila kukuuliza.