Upande wa Kushoto wa Daftari

Na ndiyo maana nasema, jamani, miaka ishirini na saba si jana wala juzi. Karani wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Orodha, aliingia katika ofisi ya kanisa letu akiwa na mtoto mgongoni. Anatoka tarehe sita Januari akiwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu ndimi nitakayekalia kiti chake. Nisameheni mapema nikipitiliza. Nina wiki sita tu za ndoa, na mtu mwenye wiki sita za ndoa huona kila kitu kinang'aa, hata kabati la mafaili. Mambo mengine humu hayang'ai hata kidogo. Yeye mwenyewe ameniambia niyaandike yote, ili watu waache kunong'ona.

Alianza kazi kama msafishaji. Mchungaji wa wakati ule aliona ndoo za kudekia zimeandikwa "Madhabahuni", "Vyooni" na "Usiguse", kwa mwandiko mzuri kuliko wa vyeti vya ubatizo, akauliza nani kaandika. Wiki iliyofuata Mama Orodha alikuwa mbele ya taipureta. Kwa miaka yote hiyo tunalijua kosa lake moja tu: aliandika cheti cha ndoa akambadilisha bwana harusi kuwa binti. Mkewe hajamrudishia cheo chake mpaka leo. Wakigombana, sauti inasikika hadi barabarani: "Na wewe binti, nitolee viatu mlangoni!"

Mwaka wa kumi wa kazi yake, vita vikafika mjini kwetu. Desemba ile watu walianza kuja ofisini na vipande vya karatasi. Mmoja mumewe hakurudi kutoka kiwandani, mwingine dada yake alishushwa kwenye basi. Waliomba majina yasomwe kwenye sala ya Krismasi. Mama Orodha akafungua daftari jipya. Kurasa za kushoto akaziandika juu "Tunaowangoja", za kulia "Waliolala". Majina yalikuwa kumi na moja. Kila Desemba tangu hapo daftari hunakiliwa upya kwa mkono, jina baada ya jina. Ukimuuliza kwa nini asichape mara moja akatoa nakala, hujibu kwamba kila mtu anastahili walau mara moja kwa mwaka kuandikwa na mtu anayemfikiria.

Anayerudi nyumbani, jina lake huzungushiwa duara la wino mwekundu. Maduara yote kwa miaka kumi na saba ni tisa. Mwaka huu halikuwapo hata moja, na majina yamefika mia mbili na kumi na nne.

Sala anayoisoma baada ya majina aliitunga mwenyewe: "Bwana uliyezaliwa pasipo nafasi, warudishe watoto wetu, au tuonyeshe walipolala. Tupe amani, na pamoja na amani, haki." Neno hilo la mwisho limemtoa jasho. Mzee mmoja wa kanisa alimsihi alifute, akisema amani peke yake inatosha, tusijitafutie balaa. Mama Orodha aliitikia vizuri kabisa, akalichapa tena. Siku moja akaja ofisa wa jeshi, buti hadi kwenye zulia, akitaka kujua haki gani inayoombwa humu.

Mama Orodha akamwambia, "Keti kwanza mwanangu, umesimama kama mtu aliyekosa choo. Hii barua si yako, ni ya Mungu. Yeye hajalalamika."

Ofisa alikaa. Alikaa muda mrefu. Alipoondoka aliacha kipande cha karatasi chenye jina la mdogo wake. Liko upande wa kushoto mpaka leo, na kila mwaka kanisa humwombea kama tunavyowaombea wengine.

Mtoto yule aliyekuja mgongoni ni kitinda mimba wake. Alikulia chini ya meza ya ofisi, akawa fundi redio, na spika zote za kanisa zilipita mikononi mwake. Tulimwita Waya. Desemba tano zilizopita alitoka mchana na begi lake la vifaa kwenda kutengeneza redio ya mteja, akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Begi lilirudi. Usiku ule hakuna aliyekuja ofisini na karatasi, kwa sababu aliyetakiwa kuileta ndiye mwenye ofisi. Asubuhi tulikuta amekwisha mwandika mwenyewe, kushoto, mstari wa mwisho: "Waya, fundi redio."

Sasa nifike kwenye langu.

Harusi yangu ilikuwa mwisho wa Novemba. Mama Orodha ndiye aliyenifunga shada la maua, ndiye aliyenipaka poda nilipolia mapema. Milio ya bunduki iliposikika upande wa kiwandani katikati ya viapo, yeye ndiye aliyemkonyeza mpiga kinanda aongeze sauti. Mume wangu, fundi seremala, anasema hakusikia risasi hata moja siku ile. Nami sikusikia kitu ila sauti yake.

Wiki mbili baadaye nilikabidhiwa daftari. Macho ya Mama yamechoka, akasema mwaka huu ninakili mimi. Mume wangu mpenzi alikuwa hapo hapo ofisini akitengeneza mlango, vumbi la mbao kwenye nyusi, na kila nikiinua kichwa namkuta ananitazama. Niliandika majina mia mbili na kumi na nne huku naimba. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilikuwa nyingi mno mkononi mwangu.

Ibada ya mkesha siku hizi huanza saa tisa alasiri, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Mama Orodha alisimama akasoma kurasa zote za kushoto, na kila jina tukaitikia, "Bwana, mrudishe." Alipofika mstari wa mwisho, kidole chake kilirudi juu kikipitia majina tena. Nilidhani amepotewa na mstari. Kisha akaanza za kulia, tukaitikia, "Bwana, mpumzishe." Jina, mpumzishe. Jina, mpumzishe. Halafu akasoma, polepole, "Waya, fundi redio."

Na kanisa zima, kwa mazoea, likaitikia, "Bwana, mpumzishe."

Hapo ndipo watu waliposikia walichokisema. Mpiga kinanda alifunika mdomo. Mama Orodha alimaliza majina yaliyobaki, hakuruka hata moja. Akaanza sala: Bwana uliyezaliwa pasipo nafasi. Akafika "tupe amani", akaishia hapo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba lile neno alilolipigania halikutamkwa, wala hakuna kati yetu aliyelitamka kwa niaba yake.

Nilimkuta ofisini amekaa, daftari wazi mapajani. Nilipiga magoti na gauni langu la Krismasi, nikalia, nikisema ni mkono wangu uliomwandika upande usio wake.

"Nyamaza, bibi harusi," akasema. "Ulikuwa unaimba ulipokuwa unaandika. Nilikusikia kutoka barazani, nikasema moyoni, mwache aimbe."

Nikachukua kifutio nirekebishe. Akaweka kiganja juu ya jina.

"Usifute."

"Mama, basi nimwandike tena kule kushoto?"

"Wala usiandike. Miaka mitano nimeomba, mwanangu. Mdomo wangu unaomba, mimi mwenyewe sijui niko wapi. Nipe muda."

Daftari liko hivyo hivyo mezani. Kushoto hayupo, kulia kuna jina ambalo mama yake hajalikubali wala hajalikataa. Taratibu za makabidhiano zinataka karani anayeondoka aweke sahihi chini ya jina la mwisho. Ameweka sahihi kwenye funguo, mihuri, taipureta na vikombe sita vya chai. Kwenye daftari hajaweka. Mchungaji amesema asiulizwe, na hatutamuuliza.

Ningependa kuwaandikia kwamba anaondoka akiwa na matumaini. Sijui kama anayo. Mume wangu hunishika mkono usiku nikiwaza haya, na mkono wake ni wa moto, yuko hapa. Wakati mwingine hilo ndilo linalonifanya nilie zaidi. Sala tumeziomba zote, na milio bado inatoka upande wa kiwandani. Krismasi ijayo nitasimama pale mbele na kuwasomea, kwa sababu amenifundisha hivyo, na neno la mwisho nitalitamka hata nikilitamka peke yangu.

Mama Orodha, asante kwa ndoo zilizoandikwa vizuri, kwa majina yote uliyoyaandika, na kwa kinanda siku ya harusi yangu. Kanisa zima linakuombea siku nyepesi na usingizi wa kutosha. Kiti chako nimekifuta vumbi, lakini bado nakalia lile benchi la wageni. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja nyumbani kwako, mimi na mume wangu. Yeye atakutazamia ule mlango wako wa jikoni usiofunga. Mimi nitakuja na daftari, kalamu na kifutio, nitaviweka mezani, na nitakaa kimya mpaka uniambie upande.