Mboga ya Pembeni mwa Jaruba

Treni ilikuwa imeondoka Ifakara kuelekea Chita. Mbele yangu alikaa mwanamume aitwaye Evod, mama yake mzee akisinzia begani kwake. Dada aliyekaa jirani nao aliuliza kama mama anaumwa.

"Mzima kabisa!" alijibu Evod, akishusha pumzi. "Ndiyo tunatoka hospitali."

Akasimulia kwamba juzi alipulizia dawa ya magugu kwenye jaruba lake la mpunga. Jioni akamkuta mama amekula tikini, ile mboga pori inayotambaa pembeni mwa majaruba. "Nikajua nimemuua mama kwa mkono wangu. Akasema amechuma nyuma ya kanisa, lakini macho yake hayaoni vizuri, ningemwaminije? Nikakodi pikipiki mpaka Ifakara. Daktari hakuona tatizo. Halafu jirani akanipigia simu: kapu la mama limekutwa nyuma ya kanisa kweli."

"Basi acha dawa, kaka."

"Nipalilie na nani? Bora mama aache kuchuma."

"Umkataze mboga aliyoila tangu utoto wake?"

Mimi sikuulizwa, ila nilikuwa upande wa dada. Evod alifungua kinywa kujibu, treni ikapunguza mwendo na kusimama Chita.

Mama akafumbua macho. "Evod, hospitali wamenipa uji mtupu. Leo tunakula nini?"

Evod alimshika mkono kumsaidia kushuka, akicheka huku anafuta machozi.