Bi Nukta na Alama Aliyoifuta Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani, nyote mliokuja ili tusilie peke yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Nukta.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mshona nguo. Alianza shule ya msingi Januari 1965, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa kuwa hakuvumilia sentensi iliyoachwa bila nukta, hata ikiwa ubaoni kwa mwandiko wa mwalimu. Baada ya chuo cha uchapaji aliajiriwa, Februari 1979, kuwa msahihishaji katika kiwanda cha vitabu, akakutana na fundi mitambo mmoja, mtu wa maneno machache, wakafunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 1990 alihamia ofisi inayoandaa vitabu vya maelekezo ya mashine za hospitali. Vitabu vile viliandikwa kwenye kompyuta kwa maandishi matupu, na alama chache tu za kuonyesha vichwa na aya, lakini rejea zilitaja namba za kurasa, hivyo aya moja ikiongezwa, namba zote zinakuwa si sahihi. Ikatokea fundi wa hospitali akatafuta namna ya kuzima mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua iliyokuwa ikitoa moshi, kitabu kikampeleka kwenye ukurasa wa kupangusa vumbi, na ingawa mgonjwa alihamishwa salama, chakula kilimshinda dada kwa siku kadhaa. Ndipo akabuni kila sehemu ipewe jina, na anayeirejelea aandike jina hilo ndani ya mabano ya mraba, mawili kufungua na mawili kufunga, kompyuta itafute ukurasa yenyewe. Ofisi nyingine ziliyaomba mabano yale, naye, tusifiche, aliyapenda kama mtoto wa tatu.

Mwaka 2003 rafiki yake tangu kiwandani, msahihishaji mwenzake, alipofuka kwa ugonjwa wa sukari, akarudi kazini na kompyuta inayomsomea kwa sauti, alama moja baada ya nyingine. Alimwambia marehemu kwa upole, "Dada, mpaka mabano yako yaishe, nimeshasahau sentensi ilianzaje." Dada akajibu kwamba kinachohitaji kutengenezwa ni kompyuta, si mabano, akarudi nyumbani amenuna. Shemeji yetu alimsikiliza mpaka akachoka, kisha akamwomba afumbe macho, akamsomea ukurasa wa kitabu chake mwenyewe, bano kwa bano, na kabla ya kufika chini dada alimwomba anyamaze.

Asubuhi yake, alipoomba mbele ya mkutano kwamba mabano yaachwe, mkuu wa ofisi alimkumbusha kuwa vitabu vyote vya miaka ile vimejengwa juu ya alama hiyo, naye akasema tu, "Niliyaweka kwa kufikiria macho yangu," akayafuta yale ya mfano yaliyokuwa ubaoni, akaandika *taz:* na jina la sehemu mbele yake, kifupi cha tazama, kinachosomeka kwa pumzi moja. Rafiki yake akauliza, "Yaani mimi kipofu ndiye unayeniambia nitazame?" wakacheka wote wawili, na uhasama ukaishia hapo. Wakakaa meza moja, yeye akibadilisha, mwenzake akisikiliza, hadi kitabu cha mwisho kilipokamilika Novemba 2004.

Alistaafu mwaka 2018. Juni 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu hospitalini, na rafiki yake akiletwa na mkewe kumtembelea, wakibishana juu ya koma kama vijana. Tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, alifariki dunia, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokesha nasi nyumbani, na wenzake wa ofisini, ambao hadi leo wanaitumia kazi ya mikono yake. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Dada yetu, ulituchosha kwa kutusahihisha, na sasa nyumba imekuwa kimya mno. Umefanya yako, pumzika kwa amani.