Njaa Iliyolinda Mihogo ya Mama Shamila

Mgeni rasmi, shikamoo. Sisi walinzi sita wa ghala la korosho hapa Mkunya tunakukaribisha kabla hujanawa mikono. Meneja alipanga tusome risala hii baada ya pilau. Tulikataa, na sababu utaisikia.

TULIKOTOKA
Tangu ghala lifunguliwe, mlinzi wa usiku alikula ugali wa muhogo na mbaazi akianza zamu. Msimu huu akaja mtaalamu na semina. Alisema tumbo tupu linatoa homoni ya njaa. Inapita kwenye damu hadi ubongoni, inachochea sehemu inayotuweka macho. Ukishiba, homoni nyingine zinaituliza, usingizi unanyemelea. Sisi tulipiga makofi. Meneja Anderson aliandika. Kesho yake sufuria ya ugali wetu ikafungiwa stoo.

MAFANIKIO
Tangu hapo hakuna aliyesinzia. Hilo hatulikatai.

CHANGAMOTO
Mwenzetu Bartholomayo ni mgane. Mkewe Theodora alifariki akingoja gari la wagonjwa ambalo siku hiyo lilikuwa kwenye msafara wa wakubwa. Nyumbani hana wa kumpikia. Alikuwa anaitegemea sufuria ile.

Wiki jana, saa tatu usiku, mwizi alitoboa ukuta wa nyuma, magunia manne yakaenda. Bartholomayo alikuwa mbele, macho makavu, ameyakodoa kwenye karai la Mama Shamila anayekaanga mihogo ng'ambo ya barabara.

"Ulilala, mzee!" meneja akafoka.

"Sikulala, bosi. Kope haikugusa kope."

"Sasa ulikuwa unalinda nini?"

"Mihogo ya Mama Shamila."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mtaalamu alisema pia, na Bartholomayo alisikia kwa masikio yake, kwamba njaa inakuamsha ili ukatafute chakula, basi. Maneno hayo kwenye daftari la meneja hayamo. Yalikwenda wapi? Na mwizi alijuaje kwamba sote tunatazama jikoni kwa watu? Tunauliza tu.

MAOMBI
Barua ya kumfukuza Bartholomayo iko mbele yako, inangoja sahihi. Tunaomba usiitie. Tunaomba na sufuria itoke stoo.

Harufu ya pilau imekufikia, mgeni rasmi. Tumekuona ukigeukia jikoni mara tatu, na usingizi huna. Je, umetusikia yote? Kama kuna lililokupita, basi shahidi wa Bartholomayo ni wewe.

Mungu akujalie shibe, na akili itulie ndipo ushike kalamu.

Ni sisi, Walinzi wa Ghala la Korosho, Mkunya.
Imesomwa na Faidha Mujibu, mlinzi wa zamu ya mchana.