Tonge la Mzee Novatus Mahona

Ndugu waombolezaji, hebu mfikirieni Mzee Novatus akiingia uani hapa, kama alivyokuwa akiingia kwenye misiba ya wenzake. Anaikokota baiskeli, haipandi. Kwenye keria amefunga chupa ya chai, ila ndani mna maji ya moto matupu. Kabla hajamaliza kutusalimia "Mwadila", mmoja ameshamletea maji ya kunawa na mwingine anamsogezea sahani: kula, Mzee, umekonda. Naye anashusha pumzi na kujibu kama mtu aliyelijibu neno hilo mara mia nne: "Nitakula. Nipeni muda." Muda wenyewe hatukumpa.

Marehemu Novatus Mahona alizaliwa Dutwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mahona Jilala na Bibi Monika Holo, wakulima wa pamba na mahindi. Watoto saba walikula sinia moja, na dada yake Lukresia anasimulia kwamba Novatus alikuwa wa kwanza kunawa na wa mwisho kunyanyuka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Dutwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Alipofika darasa la tano alikuwa ameshaifungua na kuifunga upya baiskeli ya mwalimu wake mara mbili, mara moja kati ya hizo kwa ruhusa.

Mwaka 1976 alikwenda Bariadi mjini kujifunza ufundi, na mwaka 1981 akafungua kibanda chake jirani na stendi ya Dutwa. Kwa miaka arobaini, msimu wa pamba ukiingia, baiskeli zilizopinda rimu kwa uzito wa magunia zilimsubiri kuanzia asubuhi. Alikuwa na mkono mzuri na hasira za karibu. Mteja akianza kumtajia ubovu wa baiskeli pamoja na dawa yake, marehemu alimkabidhi spana na kukaa pembeni. "Endelea, daktari," alimwambia. Wengi waliirudisha spana.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa takatifu na Anyesi Kulwa. Walijaliwa watoto wanne. Anyesi anasema alimpenda kwa sababu alikula alichopikiwa bila kuuliza ni nini.

Mwaka 2019 chakula kilianza kumkwama kifuani. Akadhani ni vidonda vya tumbo, akajinunulia dawa za dukani miaka miwili. Vipimo vya Mwanza vilionyesha kwamba mlango wa chini wa umio, ile njia inayopeleka chakula tumboni, ulikuwa haufunguki. Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Machi 2022. Baada ya siku kumi na moja akarudi nyumbani, chakula kinapita, na ukoo mzima ukahesabu kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Ulianza mbano. Umio ulijikaza wenyewe, kama msuli wa mguu unavyokaza, maumivu yakaanzia kifuani yakapasukia mgongoni hadi kwenye taya. Yalimjia akiwa anakula, na siku nyingine akiwa amekaa tu. Daktari alimweleza kwamba baadhi ya waliopasuliwa hubaki nao, akampa dawa na masharti: tonge dogo, kutafuna sana, maji ya moto, asile vya baridi, asilale chali. Masharti hayo marehemu aliyashika. Walioshindwa kuyashika ni sisi.

Dada Lukresia alitoka Somanda na kapu la matobolwa, viazi vile vikavu vya kutafuna, akisema mtu aliyepasuliwa hafungi kidonda kwa uji. Jirani alimshauri anywe soda ya baridi ili acheue. Alikunywa pale stendi, mbano ukamlaza juu ya gunia la mahindi. Mwingine alisema ni moyo. Mwingine akanong'ona kuna mkono wa mtu. Kila mmoja alimweleza ugonjwa pamoja na dawa yake, na safari hii marehemu hakuwa na spana ya kumpa.

Lakini lililomchosha kuliko yote lilitokea Mwanhuzi. Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 2023 alikwenda na wazee wenzake kumposea mwanawe Machibya binti wa Mzee Mboje, aitwaye Milembe. Mazungumzo yalikwenda vizuri, chakula kikaletwa: ugali, kuku, maziwa ya mgando. Marehemu alikula matonge mawili madogo, la tatu likamkamata. Akaweka mkono kifuani, akageukia ukutani, akasukuma sahani.

Wote mnajua maana ya mgeni kusukuma sahani ya wakwe huku ameshika kifua. Mama wa Milembe alianza kulia jikoni kwamba wamedhaniwa wachawi. Machibya alijaribu kueleza habari za upasuaji, akaambiwa watu waliopasuliwa wanajulikana, wanakula. Wageni walipoondoka, Mzee Mboje hakuwasindikiza hata hatua moja. Wiki iliyofuata ulikuja ujumbe kwamba posa isimame.

Anyesi alitaka watumwe wazee wakaombe radhi. Marehemu alikasirika kama hatujawahi kumwona. "Radhi ya nini?" alisema. "Lililogoma ni koo, si mimi."

Tarehe 2 Septemba alirudi Mwanhuzi yeye na mkewe tu, na chupa yake ya maji ya moto. Hakukaribishwa ndani, akaketi kwenye kigoda uani. Akamwambia Mzee Mboje: "Mkwe, leo sikuja kuzungumza. Nimekuja kula. Naomba ugali uleule, na wewe ukae hapo mpaka nimalize."

Mzee Mboje alikaa, kwa ghadhabu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Marehemu alimega tonge la ukubwa wa karanga, akatafuna, akanywa maji, akangoja. Akamega jingine. La tano lilimkamata. Akafumba macho, jasho likamtiririka. Mama wa Milembe alipotaka kupiga yowe, Anyesi alimshika mkono akamwambia litaachia, na likaachia. Marehemu akamega la sita. Kuku wa pale uani walizoea, wakaanza kumsogelea. Saa tano ikapita. Mzee Mboje alishaacha kununa. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akimmiminia maji kikombeni. Ilipogonga saa sita na robo, sahani ilikuwa nyeupe.

"Nimeona, mkwe," alisema Mzee Mboje. "Kwako wewe kula ni kazi ya kulima." Kisha akawasindikiza mpaka barabarani, na mbele kidogo. Ndoa ilifungwa tarehe 18 Novemba 2023.

Huku Dutwa hakuna aliyejifunza. Hata mwezi uliopita alikuwa bado anasogezewa sahani na kuambiwa ajikaze.

Tarehe 2 Septemba mwaka huu wa 2025 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Bariadi. Aliaga dunia Jumapili tarehe 7, saa nne asubuhi, akiwa ameegemea mito kama alivyozoea kulala, mkono wake mkononi mwa Anyesi. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, Anyesi; watoto wanne, Machibya, Evalina, Violeth na Precious; mkamwana, Milembe; wajukuu watatu; na dada yake Lukresia, aliyeomba iandikwe hapa kwamba anajutia matobolwa.

Bwana ampokee, na kifua chake kilegee sasa, moja kwa moja.

Na wewe uliyeacha mgonjwa nyumbani ukaja kumzika Novatus: umewahi kukaa na mgonjwa wako huyo akila, kimya, mpaka akamaliza?