Nyonga ya Kauri ya Mwalimu Makrina

Mwalimu Makrina Komba alizaliwa Peramiho tarehe 12 Machi 1956. Alisoma huko huko, akahitimu ualimu mwaka 1977.

Mwaka uliofuata alipangiwa Narung'ombe, Ruangwa, akafundisha hesabu miaka kumi na minne kabla ya kuhamia Nachingwea mjini. Tarehe 8 Oktoba 1983 aliolewa na mfanyabiashara Teofili Haule, wakajaliwa Josephina na Methodius. Teofili alitangulia mwaka 2000.

Nyonga yake ya kulia ilisagika, na Mei 2003 akawekewa ya bandia huko Dar es Salaam, ya kauri. Daktari alimweleza: kauri hailiki upesi, ila ikipasuka, ni kukimbilia hospitali. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kadi, akaitunza ndani ya Biblia. Baada ya miaka mitatu nyonga ikaanza kulia kila akipiga hatua. Wanafunzi walicheka, naye akawaambia, "Hiyo ndiyo kengele yenu. Mkiisikia, kila mtu na daftari lake." Lakini watu wazima, tena wengine mmeketi hapa mkijifuta machozi, mlisema amefuga jini mguuni. Aibu yenu!

Tarehe 3 Septemba 2007 aliteleza kwenye ngazi ya darasa. Alisikia kitu kikipasuka ndani kama sahani, na mguu ukakataa kukanyaga. Akaomba apelekwe Dar. Kaka yake mkubwa, Octavian, akasema ameteguka tu, akamwita mkandaji kutoka Mtua.

"Kaka, humo hamna mfupa," Makrina alilia. "Ni kauri. Mfupa huunga, kauri haiungi!"

"Ualimu wako uache shuleni," Octavian alimjibu. "Mifupa tumeiunga tangu enzi za babu."

Octavian alipewa ile kadi ya daktari, hakuisoma. Siku tatu mguu ulivutwa, vigae vikikata nyama kwa ndani. Siku ya nne akachanjwa chale, akapakwa dawa. Wiki haijaisha, usaha ukatoka. Alipopakiwa garini hatimaye, alikuwa hatambui mtu. Alikata roho tarehe 14 Septemba, saa nne asubuhi, gari likiwa Mingoyo.

Asitokee mtu hapa akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mungu hakuuvuta mguu ule! Ukoo ulitaka iandikwe "aliugua kwa muda mfupi". Octavian amekataa, na ndiye huyu anayewasomea karatasi hii.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na kaka mmoja mpumbavu ambaye Josephina hajamsalimia mpaka leo, na ana haki. Mungu ampe Makrina pumziko tulilomnyima.