Malkia wa Fundi Saa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na jioni hiyo kulikuwa na jambo. Mshindi wa sataranji hii ndiye angetuwakilisha Jumamosi dhidi ya kijiwe cha gereji. Fundi Saa aliitamani nafasi hiyo mpaka unamwonea huruma. Alishawatangazia hadi wakwe. Lakini mtu huyu anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, akishika kete anamwacha malkia wake aliwe bure. Mpinzani alikuwa shemeji yake, Breki, dereva wa pikipiki asiyejua kupunguza mwendo. Mwamuzi ni Kipimo, fundi cherehani.

— Fundi, makosa yako yako mikononi, Kipimo akaanza. Kabla ya kucheza, ikalie. Mkono mtupu haulambwi.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu mikono.

Fundi akasogeza kete, akaikalia mikono.

— Mikono haina kosa, akasema Breki, naye akisogeza yake. Kosa ni macho, yana tamaa. Mimi nafumba kwanza. Wahenga walisema macho hayana pazia.

— Kama hayana pazia, unafumba na nini?

Breki alishafumba.

— Shida ni sukari ya kahawa hii, Kipimo akasema. Inaukimbiza mkono. Wale wa gereji wanakunywa kahawa chungu, mmeona wakiacha kete iliwe bure?

— Mimi naona malkia ananisikia, Fundi akasema taratibu. Nikimwaza tu, anatoka nje.

— Basi usimwaze.

— Ndiyo nishamwaza.

Tukabishana mpaka birika la kahawa likakauka. Mama mmoja aliyefuata saa yake ya ukutani akainama ubaoni. Malkia wawili walikuwa wanatazamana, katikati hakuna kitu, nyuma yao hakuna mlinzi.

— Hapa anayecheza anamla mwenzake bure, akasema. Zamu ya nani?

— Yangu, akasema Fundi.

— Yangu, akasema Breki.

— Shemeji, mimi nimekalia mikono. Aliyecheza mwisho ni wewe.

— Nimefumba macho, ningechezaje?

Tukamgeukia mwamuzi.

— Nilikuwa namimina kahawa, akasema Kipimo.

Mimi sikuulizwa, na nilishukuru. Fundi Saa alimtazama malkia wake, mzima kwa mara ya kwanza wiki hiyo, na hakuthubutu kumgusa.